Mutuba Huvuliwa, Haufi

Miti mingi ukiivua gome kuzunguka shina lote, umeiua. Wakulima wanaijua njia hiyo ya kuangusha mti bila shoka: unakata pete kuzunguka shina, unaondoka, unausubiri ukauke wenyewe. Kwa hiyo anayefika Buganda kwa mara ya kwanza hushangaa kumwona mkulima, mwenye akili zake na anayeupenda mti wake, akiuvua gome kutoka karibu na ardhi hadi yanapoanzia matawi, kisha mwaka unaofuata anarudi na kuuvua tena. Mti wenyewe ni mutuba, wa jamii moja na mikuyu, ambao wataalamu wa mimea wanauita Ficus natalensis. Gome lake hugongwa mpaka likawa nguo, na nguo hiyo Waganda huiita lubugo.

Lubugo haifumwi. Haina mtande wala mshindio, haijapita kwenye kitanda cha mfumi, wala hakuna uzi uliosokotwa kwa ajili yake. Ni kipande kimoja cha gome kilicholainishwa na kutanuliwa kwa mapigo ya nyundo za mti. UNESCO ilipoitangaza kazi hii mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, na kuiingiza mwaka 2008 katika orodha yake ya uwakilishi, ilieleza kwamba ustadi huu ni mkongwe kuliko ufumaji. Maana yake ni kwamba anayeketi leo mbele ya gogo na nyundo mkononi anaifanya kazi ambayo watu waliijua kabla hawajajua kufuma.

Wenye kazi hii katika Buganda ni ukoo wa Ngonge, yaani wa fisi maji. Mkuu wao katika ufundi ana cheo cha kurithi, Kaboggoza, na makao yake yako Nsangwa, katika eneo la Mawokota, wilaya ya Mpigi, kusini-magharibi ya Kampala. Kwa vizazi vingi ukoo huo ndio uliotengeneza nguo za Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na wengine wakajifunza kwao. Masimulizi ya Buganda humtaja Kabaka Ssemakookiro, aliyetawala kuelekea mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, kuwa ndiye aliyewaamuru watu wake wote wapande mituba na kutengeneza lubugo. Ndiyo sababu mti huo umetapakaa mashambani, ukisimama katikati ya migomba na mibuni na kuipa kivuli. Haupandwi kwa mbegu. Kipande cha tawi huchomekwa ardhini nacho huota mizizi.

Ustadi wa kazi hii huanza kabla ya nyundo kushikwa, pale shambani, na mtu asiyeuona mwanzo huo hawezi kuithamini nguo yenyewe. Fundi husubiri mvua. Wakati wa mvua mti unakua kwa nguvu, na kati ya gome na mti wenyewe kunakuwa na utando laini wenye utelezi. Huo ndio utando unaozaa mti upande wa ndani na gome upande wa nje. Wakati wa kiangazi gome hung'ang'ania mti na kuchanika likivutwa. Wakati wa mvua huachia. Anayevua mapema mno au kwa kuchelewa hupata vipande na kuujeruhi mti, hivyo kalenda ni kifaa cha kwanza cha fundi.

Kwanza huparua ganda la nje, lile kavu la kijivu lisilofaa kwa nguo, mpaka gome la ndani lenye unyevu lionekane. Kisha hukata pete mbili, moja chini na moja juu, na kati yake huchanja mstari mmoja wa wima. Utomvu mweupe hutiririka. Kisu huwekwa pembeni mara baada ya hapo, kwa sababu kazi iliyobaki haitaki chuma. Fundi huchonga kabari kutoka kwenye kigogo cha mgomba, huichomeka ndani ya ule mchanjo na kuisukuma taratibu kuzunguka shina, gome likiachia kidogo kidogo, mpaka linatoka zima kama lilivyokuwa. Kabari ya mgomba ni laini na ina maji. Hulisukuma gome bila kuukwaruza utando uliobaki juu ya shina. Chuma kingeukwaruza, na pale ulipokwaruzwa gome lisingerudi vizuri.

Shina sasa liko uchi, jeupe, linang'aa kwa unyevu. Likiachwa hivyo juani kwa muda mfupi tu, utando ule utakauka na mti utakufa kama mti mwingine wowote. Kwa hiyo fundi hafurahii kwanza gome alilolipata. Hulilaza chini na kuugeukia mti. Hulifunga shina lote kwa majani ya mgomba, safu juu ya safu, na kuyakaza kwa kamba za mgomba huohuo. Chini ya bandeji hiyo utando hubaki hai, na siku zikipita huanza kutengeneza gome jipya. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi gome jingine huwa tayari. Mti mmoja unaweza kuvuliwa hivi kwa miongo kadhaa, na gome lake la kwanza silo zuri kuliko yote. Mti mchanga hutoa gome gumu lenye kukwaruza, na magome laini zaidi huja katika mavuno yanayofuata. Mti nao, kwa namna fulani, hufunzwa kazi.

Katika visiwa vya Pasifiki kuna watu wengine waliobobea katika nguo za magome, na kule kwa kawaida mmea hukatwa, gome likatolewa kwenye shina lililolala chini, kisha machipukizi mapya yakasubiriwa. Fundi wa Buganda aliichagua njia ngumu zaidi: avue, na mti ubaki umesimama, unaendelea kuvipa kivuli vilivyo chini yake. Njia hiyo humlazimisha kuwa tabibu wa mti kabla hajawa mtengeneza nguo.

Gome likifika nyumbani hulainishwa kwa moto au kwa mvuke wa maji yanayochemka, halafu hupelekwa kwenye banda. Banda hilo, ekkomagiro, lina paa na halina kuta. Paa huzuia jua lisilikaushe gome kabla halijaiva, na kukosa kuta huingiza mwanga na hewa, kwa kuwa watu watakaa humo kwa saa nyingi wakitoka jasho. Katikati hulala gogo refu lililochongwa bapa kwa juu, na gome hutandazwa juu yake. Mafundi huketi chini kulifuata gogo, mara nyingi wawili au zaidi, na kuanza kugonga.

Nyundo zao ni za mti mgumu, vichwa vyake ni vya mviringo na vimechongwa mifereji midogo kuzunguka. Huwa tatu. Ya kwanza ina mifereji mipana yenye kina, nayo hutumika kuvunja ugumu wa gome. Ya pili ina mifereji ya wastani, nayo hutanua. Ya tatu ina mifereji myembamba iliyokaribiana, nayo husawazisha na kulainisha. Mifereji hiyo ndiyo siri ya kifaa. Nyundo yenye uso laini ingeliponda gome na kulikata nyuzi. Yenye mifereji huzisukuma nyuzi pembeni, kila pigo likizitenganisha kidogo bila kuzikata. Nyuzi za gome la mutuba zimelala kwa urefu wa shina na kushikana huku na huku, kama wavu uliokunjwa. Kazi ya nyundo ni kuukunjua wavu huo. Kwa sababu hiyo gome haliongezeki sana kwa urefu, ila upana wake huongezeka mara kadhaa, na kipande kilichokuwa chembamba kama mzunguko wa shina hugeuka shuka la kumfunika mtu mzima.

Kinachomshika mtazamaji hapa ni usawa wa mapigo. Pigo zito mno hutoboa. Pigo jepesi mno huacha donge gumu ambalo baadaye litaonekana kama alama nyeusi kwenye nguo. Fundi hupiga mstari mmoja, husogeza gome kwa kiasi cha kidole, hupiga mstari unaofuata, na hafanyi haraka pale palipo rahisi wala hasiti pale palipo pagumu. Akifika mwisho hulikunja gome mara mbili, hulipiga likiwa limekunjwa, hulikunjua, huligeuza, hulikunja upande mwingine. Wenzake wakiwa pembeni, mapigo yao hupishana, kila mmoja akiingiza lake kwenye nafasi iliyoachwa na mwenzake. Mpangilio huo una faida ya kazi. Anayepiga kwa mdundo hachoki upesi, na anayesikiliza mdundo hutambua mara moja gome linapobadilika, kwa maana sehemu iliyokauka hulia tofauti na sehemu yenye maji. Ikilia hivyo, hunyunyiziwa maji au hufunikwa ipumzike.

Mapumziko ni sehemu ya kazi. Gome haligongwi kwa mkao mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hugongwa, hukunjwa, hufunikwa, hurudiwa, na kila linaporudiwa nyundo hubadilika. Mwanafunzi hupewa kwanza nyundo yenye mifereji mipana, kwa sababu makosa ya hatua hiyo yanaweza kurekebishwa. Nyundo ya mwisho hushikwa na mkono uliokomaa, kwani gome likiharibika hapo, limeharibika baada ya kazi yote iliyotangulia.

Baada ya nyundo huja jua. Shuka hutandazwa nje, kingo zake zikavutwa na kukandamizwa kwa mawe ili lisijikunje linapokauka. Hapo ndipo rangi hutokea. Gome lililotoka mtini likiwa hafifu, la manjano ya kufifia, huanza kugeuka upande uliopigwa na jua na kuwa la kahawia nyekundu, rangi ya udongo wa Buganda wenyewe. Hakuna aliyetia rangi. Ni hewa na jua vinavyofanya kazi juu ya utomvu na nyuzi, na fundi anajua ni muda gani wa kuliacha na ni lini la kuligeuza ili rangi itoke sawasawa. Nguo za Kabaka na machifu ndizo zilizotiwa rangi, nyeupe au nyeusi, na kuvaliwa kwa namna ya peke yake ili cheo kionekane kwa mbali.

Bado kuna matundu. Kila mahali palipokuwa na tawi dogo au kovu, gome huacha tundu. Fundi hulikata tundu hilo umbo zuri, hutafuta kipande cha gome la ubora uleule, hukishona kwa uzi wa nyuzi za mimea, na kiraka hicho hubaki kikionekana. Hakifichwi. Kwenye lubugo nzuri viraka ni vidogo, mishono yake imelala, na mkono ukipita juu yake hausikii kingo. Mimi nikiitazama nguo ya aina hii huanza na viraka. Uso mzuri unaweza kuwa zawadi ya mti mzuri, lakini kiraka ni kazi ya mtu peke yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Historia ya kudidimia kwa nguo hii inatugusa sisi watu wa Kiswahili moja kwa moja. Katika mwaka 1844 mfanyabiashara kutoka Zanzibar, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwenye jumba la Kabaka Suuna II. Misafara iliyofuata ilipanda kutoka pwani kupitia Tabora na Karagwe ikiwa na merikani, kaniki, shanga na bunduki, na kurudi na pembe za ndovu na watumwa. Merikani ilianza kuwa nguo ya jumba la Kabaka. Chini ya Mutesa I, aliyejifunza Kiarabu na Kiswahili na kufunga Ramadhani, kanzu ya pwani iliingia Buganda, na mpaka leo ndiyo vazi la heshima la mwanamume wa Kiganda. Kilichovaliwa na mfalme kikatamaniwa na machifu, na kilichovaliwa na machifu kikatamaniwa na wote.

Ukoloni ukakamilisha safari hiyo. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901. Mwaka 1903 mbegu za pamba zililetwa Uganda, na baada ya muda mfupi mkulima wa Kiganda alikuwa akipanda pamba, akiiuza, na kununua nguo ya kiwandani kwa fedha hizo. Hakuwa tena na sababu ya kukesha na gome. Wamisionari nao waliihusisha lubugo na ibada za kale, na katika shule na makanisa watoto walivikwa pamba. Nguo iliyokuwa shuka, pazia, tandiko, mfuko wa kuhifadhia vitu na vazi la kila siku la watu wa Buganda, ikawa nguo ya baadhi ya siku.

Kwa nini basi haikutoweka? Ufinyanzi wa sehemu nyingi ulikufa bati na plastiki vilipofika. Ufuaji wa chuma ulikufa majembe ya kiwandani yalipofika. Lubugo ilipoteza matumizi yake mengi kwa wakati uleule na bado inagongwa. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba yalibaki mambo machache ambayo merikani haikuruhusiwa kuyafanya.

La kwanza ni mazishi. Maiti wa Kiganda huviringishwa katika lubugo, na ndugu na wakwe huleta zao. Kinachokwenda ardhini hakirudi, kwa hiyo kila mazishi hudai nguo mpya. La pili ni urithi. Matanga yanapohitimishwa, mrithi husimamishwa mbele ya ukoo akiwa amefungwa lubugo begani, na hapo ndipo anapotambuliwa. La tatu ni ufalme. Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, baada ya ufalme kuwa umefutwa kwa zaidi ya robo karne, lubugo ilikuwa sehemu ya vazi lake. Falme zilipofutwa mwaka 1967, mti ulibaki shambani na watu waliendelea kufa na kuzikwa. Ndiyo maana siku ya kumtawaza mfalme ilipowadia, mafundi walikuwapo.

La nne lina mahali pake, na ndipo ningempeleka msafiri anayetaka kujua urithi ulio hai unafananaje. Ni Kasubi, kilima kilicho ndani ya Kampala yenyewe, barabara na maduka yakiwa yamekizunguka, huku karibu hekta 27 za eneo lake kwa sehemu kubwa zikiwa bado mashamba. Mutesa I alijenga jumba lake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 likageuzwa kaburi lake. Baada yake walizikwa humo Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Wawili kati yao walifia uhamishoni, mmoja Shelisheli na mmoja London, na mabaki yao yakarudishwa. Jumba kuu linaitwa Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya duara yenye kipenyo cha takriban mita 31, ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi.

Wageni huvua viatu, na wanawake hujifunga nguo ndefu. Watu huketi chini, juu ya mikeka. Kwa desturi ya nyumba hiyo nguzo za ndani huvikwa lubugo, na pazia kubwa la lubugo hugawa sehemu ya wageni na sehemu iliyofichika, ambayo Waganda huiona kuwa msitu mtakatifu wanamokaa wafalme wao. Hakuna kati yao anayesemwa kuwa amefariki. Wameingia msituni tu. Mlinzi wa mpaka huo, kati ya waliopo na walioondoka, ni gome lililogongwa. Kuta za mawe zisingeweza kusema jambo hilo kwa upole huo.

Paa nalo ni somo. Waezekaji wake ni wa ukoo wa Ngeye, yaani wa mbega, na kazi hiyo ni haki yao na wajibu wao. Nyasi hufungwa matita yenye umbo la pia, na matita hayo hulazwa juu ya fremu yakipandana. Safu ya chini tu ndiyo inayofungwa. Zilizobaki hushikana kwa uzito wake na kwa namna zilivyolazwa. Anayejua nyumba za makuti za pwani, ambako kila kuti hufungwa kwenye ufito, ataona ni ujasiri wa aina gani huo. Faida yake ni kwamba tita lililooza linaweza kuchomolewa na jingine kuingizwa bila kulibomoa paa. Kwa ndani paa hubebwa na pete 52, kwa hesabu ya koo za Buganda, na kazi ya mapambo ni ya ukoo wa Ngo, yaani wa chui. Wakati wa kuezeka wanawake hawaingii ndani ya nyumba, na waezekaji hujizuia na tendo la ndoa mpaka kazi iishe. Mtu anaweza kuyaona haya kuwa miiko tu. Mimi naona pia nidhamu ya kazi, namna ya kumwambia fundi kwamba kwa siku hizi mikono yake si yake.

Nyumba ya nyasi, matete, miti na magome haidumu. UNESCO iliiandikisha Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na usiku wa tarehe 16 Machi 2010 Muzibu Azaala Mpanga iliteketea kwa moto. Mwaka huohuo eneo hilo liliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Watu walilia barabarani. Ila swali lililofuata halikuwa kama nyumba inaweza kujengwa tena. Swali lilikuwa nani bado anajua. Michoro inaweza kuonyesha umbo na vipimo, wala haiwezi kuonyesha mkono unavyolaza tita la nyasi ili lisiteleze. Ujenzi ulichukua zaidi ya muongo mmoja, kwa sehemu kwa sababu ya fedha na mipango, na kwa sehemu kwa sababu kazi za namna hii haziendi bila watu wake, na watu wake walikuwa wachache na wengi wao wazee. Mwezi Septemba 2023, katika kikao cha Riyadh, Kamati ya Urithi wa Dunia iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya hatari.

Hapa ndipo naona Kasubi inavyopita makumbusho mengi yaliyojengwa kwa zege na kioo. Jumba la makumbusho hujivunia kwamba kitu kilichomo hakibadiliki. Kasubi hujivunia kinyume chake. Nyasi huoza na kudai mwezekaji. Lubugo ya nguzo huchakaa na kudai fundi wa Ngonge. Mapambo ya pete hudai wa ukoo wa Ngo. Nyumba isiyooza haimhitaji mtu, na fundi asiyehitajika hafundishi mwanawe. Ingejengwa kwa mawe mwaka 1882, leo tungekuwa na kuta nzuri na hakuna hata mmoja anayejua kuezeka. Uozo ndio mwalimu mkuu wa nyumba ile, na kila kizazi hulazimika kukaa darasani kwake.

Kwa kipimo hichohicho natazama pia juhudi za sasa za kuirudisha lubugo sokoni. Mbunifu wa mavazi José Hendo, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, ameifanya kuwa kitambaa chake kikuu. Msanii Sanaa Gateja hushona juu yake shanga za karatasi na kutengeneza picha kubwa. Mwaka 2022, Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza na banda lake katika maonyesho ya sanaa ya Venice, kazi za Acaye Kerunen zilizotumia malighafi za mimea na ufundi wa mikono ya wanawake zilikuwamo. Nguo isiyohitaji kiwanda, isiyohitaji mti kukatwa, inavutia dunia iliyochoshwa na plastiki. Ni jambo jema. Ila soko ni mteja asiye na ukoo. Leo anataka, kesho amechoka. Mazishi hayachoki, na paa la Kasubi halibadilishi mitindo. Wabunifu wanaweza kumwongezea fundi kipato. Wajibu wa ukoo ndio uliomfikisha mpaka kwao.

Kwa hiyo msafiri anayetaka kuitazama kazi hii ipasavyo asianzie dukani. Aanze shambani, aulize mutuba ni upi, alitazame shina lake: shina lililovuliwa mara nyingi huwa na makovu ya pete juu na chini, na kati yake gome laini lisilo na vifundo. Hapo atajua mti huo umetunzwa na mtu anayejua. Kisha aende kwenye banda asikilize, bila kuharakisha maswali, maana fundi anayegonga hawezi kujibu bila kupoteza mdundo. Akipewa nguo aishike, aipandishe kwenye mwanga, atafute sehemu nene na sehemu nyembamba, apitishe kidole kwenye viraka. Baada ya hapo tu ndipo aende Kasubi.

Na akitaka kujua kama kazi hii itaishi, asihesabu watalii wala tuzo. Ahesabu vipande vya tawi vilivyochomekwa ardhini mwaka huu. Atakayekichomeka kimoja leo atasubiri miaka kabla ya kukivua, na gome lake la kwanza litakuwa gumu. Gome zuri huenda likagongwa na mwanawe, likamzika jirani ambaye bado hajazaliwa. Mtu hupanda mutuba kwa hesabu ya namna hiyo, na Waganda wangali wanaupanda.